Lango la Ngome na Nyoka wa Chuma: Tanzu za Vita kwa Msomaji wa Kericho na Bomet

UTANGULIZI

Mwalimu wa fasihi katika nchi ya chai, Kericho na Bomet, hukabiliwa na swali ambalo mwenzake wa Lamu au Mombasa haulizwi mara nyingi. Anapofundisha tenzi za kale za pwani, pamoja na historia ya merikebu na ngome iliyozizunguka, wanafunzi wake humwuliza: haya yanatuhusu nini sisi tuliozaliwa milimani? Jibu lililozoeleka ni kwamba tenzi ni urithi wa taifa zima. Jibu hilo ni la heshima, lakini halitoshi. Linamtaka msomaji aupokee urithi bila ya kumwonyesha ni kwa njia gani ulimfikia. Makala hii inakusudia kutoa jibu jingine.

Hoja yetu ni kwamba vita ambavyo Wazungu walivileta pwani katika karne ya 16 na ya 17, yaani vita vya merikebu, mizinga na ngome za mawe, havikuja na silaha peke yake. Vilikuja pia na utanzu wa maandishi ambamo askari huorodhesha utumishi wake, kisha huonyesha malipo anayostahili. Walioshambuliwa hawakujibu kwa utanzu huo. Walijibu kwa tanzu walizokuwa nazo: pwani, utendi, bara, miongoni mwa Wakipsigis na ndugu zao Wanandi, unabii na masimulizi ya wazee. Tofauti hii ya tanzu imechukuliwa na wengi kuwa ni tofauti baina ya ukweli na ngano. Tunaonelea kuwa hilo ni kosa la kihakiki, na kwamba katika Kericho na Bomet kosa hilo lina gharama, kwa sababu linagusa ardhi.

Ili kuithibitisha hoja hii tutachunguza matini tatu: andiko lililochongwa juu ya lango la Fort Jesus, linalohusu mwaka 1635, Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, na unabii wa nyoka wa chuma unaonasibishwa na Kimnyole arap Turukat, orkoiyot wa Wanandi aliyeuawa mwaka 1890.

NGOME NA ANDIKO LAKE

Ujenzi wa Fort Jesus ulianza mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mjenzi wa Kitaliano aliyekuwa katika utumishi wa mfalme wa Hispania, ambaye wakati huo alikuwa pia mfalme wa Ureno. Ramani hiyo ni zao la mabadiliko makubwa ya vita huko Ulaya. Mizinga ilikuwa imezishinda kuta ndefu na nyembamba za zamani. Kwa hiyo wajenzi wa Italia walibuni ngome yenye kuta fupi, nene, zenye buruji zilizochomoza pembeni, ili mpiga mzinga aliye katika buruji moja aweze kuulinda ukuta wa jirani yake. Mtu asimamapo leo chini ya kuta hizo huko Mombasa huona kwamba hakuna mahali pa kujificha. Ngome hiyo imejengwa kama hoja iliyozibwa kila upenyo.

Hata hivyo, ngome hii ya nchi kavu ilipumua kwa pafu la bahari. Baruti, chakula na askari vilitoka Goa kwa merikebu, na merikebu zilifuata pepo za msimu. Ukweli huo ulidhihirika katika mazingiwa ya miaka 1696 hadi 1698, wakati Waomani walipoizunguka ngome kwa muda wa miezi 33. Maradhi yaliua watu wengi kuliko risasi. Katika mwaka 1697, baada ya kapteni wa Kireno kufariki, ulinzi ulibaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake wachache, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Mwaka uo huo merikebu ya vita iitwayo Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome, na mabaki yake yalichunguzwa na wanaakiolojia kuanzia mwaka 1977. Ngome iliyopewa jina la Yesu ikawa inalindwa na Mwislamu wa Faza pamoja na wanawake ambao majina yao hayakuandikwa. Jambo hili tulikumbuke, kwani linatuonya dhidi ya kuvigawa vita hivi katika kambi mbili safi za dini.

Sasa tulitazame lango. Juu yake kuna andiko la Kireno linalomhusu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome hiyo mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Miaka minne kabla ya hapo, Agosti 1631, Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, alikuwa ameigeuka dola ya Ureno, akamuua kapteni na kuitwaa ngome. Andiko lasema kwamba Cabreira aliijenga upya ngome, akawarudisha katika utiifu watu wa pwani walioasi chini ya mfalme dhalimu, akawatoza kodi wafalme kadhaa, na akaziadhibu Pate na Siyu hata kuzibomoa kuta zake. Kisha andiko hugeukia upande wa pili wa hesabu. Kwa huduma hizi na nyinginezo, lasema, alipewa cheo katika nyumba ya mfalme, nishani ya Shirika la Kristo, malipo ya kila mwaka, na ahadi ya kutawala sehemu nyingine za dola.

Wahakiki wa fasihi hawana desturi ya kulisoma andiko hili. Wameliachia wanahistoria. Tunaonelea kuwa ni matini yenye fani iliyokomaa. Mtendaji ni mmoja tu; vitenzi vyake ni vya kujenga, kutiisha, kutoza, kuadhibu na kubomoa; na kila kitendo kinasogea kuelekea kwenye tuzo. Muundo wake ni wa daftari lenye safu mbili, ya utumishi na ya malipo. Wala hili si ajabu, kwa maana katika dola ya Ureno ya Mashariki cheo chenyewe kilikuwa namna ya ujira. Mfalme asiye na fedha za kutosha humlipa askari wake kwa kumpa ngome ya kutawala kwa miaka michache, naye hujitajirisha humo kwa biashara. Kwa hiyo jiwe lile, pamoja na kuwa kumbukumbu, ni stakabadhi. Kuta zilizobomolewa Pate zinatajwa kwa kuwa zinahesabika upande wa utumishi. Watu waliokaa nyuma ya kuta hizo hawatajwi, kwa kuwa hawahesabiki popote.

UTENDI ULIOTUNGWA PATE

Katika Pate hiyo hiyo, miaka 93 baada ya mwaka unaotajwa langoni, Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, ambao pia hujulikana kama Chuo cha Herekali. Una zaidi ya beti 1,100. Unasimulia jinsi habari za kuuawa kwa Jaafari, binamu ya Mtume, zilivyopokelewa. Jinsi Herekali, mfalme wa Rumi, alivyoandikiwa barua ya kualikwa katika Uislamu. Na jinsi majeshi yalivyokutana Tambuka baada ya mwaliko huo kukataliwa.

Mhakiki atakayeupima utendi huu kwa mizani ya matukio atapata tabu. Msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulikuwapo kweli, lakini majeshi ya Rumi hayakutokea, na vita vikubwa havikupiganwa. Kinyume chake, mwaka 1728 Pate ilikuwa katikati ya vita vya kweli. Mtawala wake alikuwa amekubaliana na Wareno dhidi ya Waomani. Mwezi wa Machi mwaka huo Wareno waliirudia Fort Jesus, na mwezi wa Novemba mwaka 1729 wakafukuzwa tena. Hivyo mtunzi aliyezungukwa na vita vilivyokuwapo alitunga vita ambavyo havikuwapo. Kwa nini?

Yapo majibu mawili mepesi. La kwanza ni kwamba mtunzi wa kale aliyapa mgongo mambo ya dunia, akakimbilia ya dini. La pili ni kwamba Herekali ni Mreno aliyevikwa vazi la kale, na utendi ni wito wa kuwapiga Wakristo. Jibu la kwanza linamdharau mtunzi. Jibu la pili linasahau kwamba wakati ule Mreno alikuwa mshirika wa jumba lenyewe ambalo mtunzi alilitungia. Ikiwa utendi ni fumbo, basi si fumbo linaloweza kufumbuliwa kwa kubadilisha jina moja kwa jingine.

Tunapendekeza usomaji wa tatu, unaoanzia kwenye fani. Kabla ya upanga huja barua: vita haviwezi kuanza mpaka adui ameambiwa ni kwa nini. Mashujaa hutajwa majina, husema kabla ya kupigana, na kauli ya adui nayo hupewa nafasi. Anayekufa huliliwa. Kina cha mwisho cha kila ubeti, ambacho ndicho bahari ya utendi, hakibadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila tendo, liwe la mkubwa au la mdogo, hurudishwa kwenye kipimo kimoja. Tukiiweka fani hii kando ya andiko la lango, tofauti inakuwa dhahiri. Lango linauliza: askari huyu anadai nini? Utendi unauliza: vita hivi vina haki gani? Katika mji uliokuwa ukibadilisha washirika kwa hesabu ya faida, swali la pili halikuwa la kuikimbia siasa. Lilikuwa swali la kisiasa kuliko yote ambalo mtunzi wa jumba angeweza kuliuliza bila ya kupoteza ulimi wake. Hatudai kwamba Mwengo alikusudia kumkemea mtawala; twadai tu kwamba utanzu aliouchagua hauruhusu vita viwe daftari.

Hata hivyo, haifai kuufanya utendi kuwa malaika. Ulimwengu wake ni wa panga na farasi. Mzinga, ambao ulikuwa umeamua hatima ya mji baada ya mji kwa zaidi ya miaka 200, hauna shujaa wala ubeti wa kumtukuza. Watwana waliobeba maji, na wanawake mfano wa wale wa mwaka 1697, wamekaa nje ya ukumbi wake. Utendi hupima haki ya vita baina ya waungwana. Walio chini yao utendi nao umewaacha nje, kama lilivyofanya jiwe la lango.

UNABII WA NYOKA

Kutoka Pate hadi Kericho ni mwendo mrefu, lakini vita vyenyewe ndivyo vilivyoufanya mwendo huo. Nguvu ya Mzungu pwani ilikuwa merikebu, kwani ndiyo iliyopeleka askari na chakula mahali ambapo adui hakuwategemea. Bara hakuna maji ya merikebu, ndipo ikatandazwa reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu Desemba 1901. Katika nchi ya Wakipsigis ilipita Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, na Fort Ternan, mahali palipopewa jina la afisa wa Kiingereza Trevor Ternan. Neno hilo la kwanza, Fort, ni lile lile lililo Mombasa. Mwanafunzi anayedai kwamba ngome za pwani hazimhusu hupita kando ya neno hilo kila anapokwenda Muhoroni.

Kimnyole, kwa mujibu wa masimulizi ya Wanandi na Wakipsigis, alitabiri kwamba nyoka mkubwa angetoka kwenye maji ya mashariki, akitema moto na moshi, aje azime kiu yake kwenye ziwa la magharibi. Wanandi walimuua mwaka 1890, wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Baadhi ya wanawe walikimbilia kwa Wakipsigis, miongoni mwao Kipchomber arap Koilegen, na huko ukoo wa Talai ukapata nguvu. Mwingine, Koitalel arap Samoei, aliongoza upinzani wa Wanandi hadi tarehe 19 Oktoba 1905, alipouawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa mapatano. Mwaka huo huo msafara wa adhabu wa Waingereza uliivamia Sotik, ukaua watu wengi na kuteka ng'ombe. Kuanzia mwaka 1934 Watalai wa Kericho walihamishwa kwa nguvu, kwa sheria iliyotungwa dhidi yao, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria.

Pingamizi la kwanza dhidi ya unabii linajulikana: kwamba huenda ulitungwa, au ulinyooshwa, baada ya garimoshi kuonekana. Hatuoni haja ya kulikataa pingamizi hili, kwa sababu halitudhuru. Hata kama kila neno lake liliwekwa baadaye, bado lazima tueleze kwa nini wasimulizi walichagua maneno hayo. Watu waliopigwa kwa bunduki wangeweza kusimulia bunduki. Badala yake walisimulia njia na kiu. Unabii huu hauna shujaa, hauna tarehe, wala hauna idadi ya waliokufa. Una kiumbe anayekwenda moja kwa moja kutoka maji hadi maji, naye haendi kwa ajili ya wenyeji. Hawachukii wala hawapendi. Wako njiani tu, na yeye ana kiu. Kwa taswira hii wasimulizi waliviona vita vya baharini na vya nchi kavu kuwa ni mwili mmoja. Katika ripoti za maafisa mwili huo umekatwa vipande: idara ya reli, idara ya majeshi, idara ya ardhi.

Taswira ya kiu inastahili kutiliwa mkazo. Andiko la lango lina utumishi na malipo, lakini halisemi malipo hayo yanatoka wapi. Unabii unasema: yanatoka kwenye maji yako.

MALIPO YA ASKARI

Historia ya ardhi ya Kericho inathibitisha usomaji huu kwa namna inayotisha. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Uingereza ilikuwa na maafisa wengi waliolemaa vitani, na ilitaka kuwatunza. Miaka ya 1919 na 1920 palianzishwa makazi yao katika nchi ya Wakipsigis, kwenye eneo la ekari 25,000, ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka upesi na mpango huo ukafa. Ardhi haikurudi kwa waliokuwa wakiikaa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia, na chai ikaanza kutanda.

Hatusemi kwamba afisa aliyepoteza mguu Ulaya hakustahili kutunzwa. Tunachosema ni kwamba daftari ni lile lile la mwaka 1635. Upande mmoja pana utumishi uliofanyika mahali pengine. Upande wa pili pana tuzo inayotolewa kwa mali ya mtu ambaye hakuwa na ugomvi wowote na askari huyo. Aliyewapiga watu wa Pate alilipwa kwa vyeo vya nchi nyingine za mbali. Aliyepigana Ulaya alilipwa kwa vilima vya Kericho. Mashamba yale ya kijani, yaliyonyolewa usawa mmoja hadi upeo wa macho, nayo ni andiko juu ya lango. Mgeni huyasoma kama mandhari. Mhakiki hana budi kuyasoma kama safu ya pili ya hesabu, na aitafute safu ya kwanza.

HITIMISHO

Suala hili si la darasani tu. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya iliyakubali madai ya Wakipsigis na Watalai kuhusu dhuluma za kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza juu ya jambo hilo, na mwaka 2022 madai yakapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Katika mabaraza ya namna hii utanzu wa lango una kiti chake tayari: una tarehe, sahihi na mhuri. Unabii na masimulizi huingia kama ngano za wazee, na msikilizaji mwenye adabu huzisikiliza huku akingoja hati.

Kazi ya uhakiki hapa si kudai kwamba masimulizi yachukuliwe kama hati. Nayo yana unyamavu wake. Husemwa kwa sauti kuu kwamba Kimnyole alitabiri. Husemwa kwa sauti ya chini kwamba waliomuua walikuwa watu wake mwenyewe. Anayeyatetea masimulizi kwa kuuficha unyamavu huo anayaua kwa mara ya pili. Kazi yetu ni kuonyesha kwamba hati nayo ni utanzu, yenye mtunzi, hadhira na tamaa yake, na kwamba kila utanzu hushuhudia jambo ambalo mwingine hauwezi kulishuhudia. Lango hushuhudia nani alilipwa. Utendi hushuhudia kwamba vita vilipaswa kuwa na haki kabla ya kuwa na ushindi. Unabii hushuhudia njia yote, kutoka maji hadi maji, na nani alikuwa amekaa juu yake.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba matini hizi tatu zifundishwe pamoja katika shule na vyuo vya Kericho na Bomet, na pia katika vile vya Mombasa na Lamu. Mwanafunzi wa milimani atauona utendi kuwa ni jibu kwa vita ambavyo baadaye vilipanda hadi kwao. Mwanafunzi wa pwani naye atauona unabii wa nyoka kuwa ni sura ya pili ya kisa kilichoanzia bandarini kwake. Tukifanya hivyo, swali la mwanafunzi tuliloanza nalo halitakuwa tena la kumwaibisha mwalimu. Ataweza kumrudishia: umepanda gari lililopita Fort Ternan, nani aliipa mahali pale jina hilo, na alilipwa nini?